Msizike Waya Bila Bomba

Kufukia waya wa spika ndani ya lipu bila bomba ni uzembe, na naomba tuache kuuita umaridadi. Nasema hivi nikijua kwamba wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile: siku moja utajenga, banda la gari litakuwa na spika nne kwenye kona nne, sabufa chini ya meza, na hata waya mmoja hautaonekana. Na ndoto yenyewe sina ugomvi nayo. Mtu aliyekaa saa mbili kwenye foleni ana haki ya kusikiliza besi safi akifika kwake. Ninachogombana nacho ni hilo neno "hautaonekana", na yale tunayokubali kuyafanya kwa ajili yake.

Tuanze na chumba chenyewe. Kwa Kiswahili cha mjini, gereji ni mahali pa kutengenezea magari: oili imemwagika chini, kijana amelala chini ya Noah, na fundi mkuu anakuahidi gari litakuwa tayari kesho. Chumba cha gari cha nyumbani hatujakipa jina moja. Wapo wanaosema banda la gari, wapo wanaosema paking, wapo wanaosema gereji hivyohivyo. Nadhani jina halijatulia kwa sababu chumba nacho hakitulii. Nyumba ikiisha, gari hulala nje karibu na geti na chumba kinakuwa stoo ya saruji iliyobaki. Baadaye kinatobolewa dirisha la nondo kinakuwa duka. Duka likifa kinakuwa saluni, au mahali pa mazoezi ya kwaya, au chumba cha kijana wa nyumba aliyefikia umri wa kuwa na mlango wake. Mwisho kinapangishwa kwa mwanafunzi. Mimi ni mpangaji wa chumba cha namna hiyo, na alama za mlango mkubwa wa gari bado zinaonekana ukutani pale walipoziba kwa matofali. Nalitaja hilo kwa sababu moja tu: waya unaofukiwa leo kwenye banda la gari unafukiwa kwenye chumba ambacho baada ya miaka mitano kitakuwa kitu kingine, na atakayelala humo hatakuwa yule aliyeufukia.

Kazi yenyewe inavyofanyika mnaijua. Ukuta umeshasimama. Mwenye nyumba amerudi kutoka dukani na rola ya waya wa rangi mbili, mwekundu na mweusi, ulioshikana. Kibarua anakata mfereji kwa grenda na kumalizia kwa tindo na nyundo. Mfereji unakwenda kwa njia ya mkato, kutoka itakapokaa amplifaya hadi kona ya juu, mshazari, kwa sababu mshazari unaokoa mita mbili za waya. Waya unalazwa humo, unashikwa kwa misumari iliyopindwa, lipu inapigwa juu. Jioni ukuta uko laini kama hakuna kilichotokea. Rangi ikikauka, wapo watu watatu wanaojua waya umepita wapi, na mmoja wao ni kibarua ambaye hana sababu ya kurudi pale tena.

Ndoto hii haikuzaliwa hapa, imetoka kwenye picha na video za Marekani, na sina tatizo na kuiga ila tukiiga vizuri. Ukuta wa nyumba ya kawaida ya Marekani ni mtupu ndani. Ni nguzo za mbao zilizosimama kila baada ya inchi 16, kati yake kuna nafasi tupu au sufi ya kuzuia baridi, na pande zote mbili kumegongelewa bodi za jipsamu. Ndiyo maana yule jamaa kwenye video anatoboa tundu dogo juu, anashusha waya, anauvuta chini, anafunika, na kabla ya chakula cha mchana ameshamaliza. Siku akiuchoka anauvuta utoke. Ukuta wake ni kama kabati.

Hata hivyo, hata huko kwenye ukuta mtupu hawaachiwi kufanya wapendavyo. Wana kanuni ya umeme ya taifa iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1897, ambayo sasa hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu, na kwa mujibu wake waya wa spika unaopita ndani ya ukuta lazima uwe na alama kwenye ganda lake, CL2 au CL3, inayoonyesha kwamba ganda hilo limepimwa lisisambaze moto. Kanuni zao za ujenzi zinataka ukuta unaotenganisha gereji na nyumba uwe na bodi ya jipsamu isiyopungua nusu inchi upande wa gereji, na matundu ya kupitishia nyaya yazibwe. Gereji ina petroli, na ina gari lenye betri. Wanataka moto ukianzia humo uchelewe kufika chumbani kwa watoto. Video nyingi hupita juu ya jambo hili haraka, labda kwa sababu mtazamaji wao ameshalisikia au anaye mkaguzi wa kumkumbusha. Sisi tumechukua video, tumeacha kanuni, kisha tumeipeleka kazi kwenye ukuta wa aina nyingine kabisa.

Ukuta wetu ni tofali la mchanga na saruji, la inchi 5 au 6, limejaa ndani. Ukitaka waya uingie, lazima uukate. Waingereza, ambao mfumo wetu wa soketi na volti 230 tumeurithi kwao, wana kipimo rahisi cha mifereji ya ukutani: wa kusimama usizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6, yaani milimita 150, ni milimita 50 kwa mfereji wa wima na 25 kwa wa mlalo. Bomba la umeme la kawaida lina milimita 20. Kwa hiyo linaingia, bila kubaki nafasi ya kuchezea. Kwa tofali la inchi 5 mfereji wa mlalo haufai kuzidi milimita 21 hivi, na hapo fundi mwenye akili hupandisha bomba wima hadi juu na kulipitisha darini. Mshazari haumo kwenye hesabu hiyo hata kidogo. Mfereji wa mshazari unakata safu nyingi za tofali kwa mkupuo, na hakuna anayeweza kuukisia baadaye. Ukiona soketi, unaweza kudhani waya wake umepanda au kushuka kwa mstari ulionyooka, au umekwenda pembeni sambamba na sakafu, na ukikwepa mistari hiyo miwili unagonga msumari wako kwa amani. Kila fundi anayefuata utaratibu huo anamwachia ujumbe mtu asiyemjua. Anayepita mshazari anamtegea mtego.

Na yule kibarua wa grenda. Vumbi linalotoka kwenye tofali la mchanga na saruji likikatwa likavu lina silika, chembe ndogo mno zisizoonekana, zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Kumwagia maji kidogo njia ya grenda, au kumnunulia kijana barakoa inayostahili badala ya fulana aliyojifunga usoni, ni gharama ndogo kuliko soda za mafundi wa wiki nzima. Sijawahi kuona video ya homu thieta yenye kijana huyo ndani yake. Kama mfereji ungeachwa wakati ukuta unajengwa, au bomba lingefungwa kabla ya lipu, asingelazimika kula vumbi lile mara mbili.

Sasa nieleze kwa nini nina hasira kuliko mada inavyoonekana kustahili.

Mwaka jana alikuja fundi kunifungia bomba la pazia. Saa tisa alasiri, jua kali, taa zote zimezimwa. Tundu la tatu drili ikatoa kitu: nyuzi za shaba na kipande cha ganda jekundu. Tukabandua lipu kidogo. Ndani kulikuwa na waya wa rangi mbili, mwembamba, umepita mshazari kuelekea dirishani.

"Hii ya redio tu, dada," fundi akasema. "Haina neno."

"Umejuaje, kaka?"

"Si unaona ilivyo nyembamba?"

Akachukua testa akagusa. Haikuwaka. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwomba azime meinswichi kwanza, akazima huku akicheka. Nikampigia mwenye nyumba. Mzee alikumbuka kwamba zamani vijana wake waliwahi kufunga spika humo, lakini nani alipitisha nyaya hakumbuki, na aliyekuwa fundi wake wa umeme alishahamia mkoani. Jioni akaja fundi umeme mwingine, akapanda darini na tochi. Ncha ya pili ya waya ule aliikuta huko, imeunganishwa kwa selotepu nyeusi kwenye waya wa taa ya nje, ile ya usalama, inayowashwa magharibi. Alasiri ile swichi yake ilikuwa imezimwa, ndiyo maana testa ilinyamaza. Ingekuwa saa moja usiku, yule kaka aliyekuwa amesimama juu ya kiti cha chuma angegusa volti 230.

Sijui ni nani aliyefanya muungano ule, na sitamtafuta. Nahisi alikuwa mtu mwenye haraka, aliyekuta waya tayari umo ukutani na unakwenda kulekule anakotaka taa iende. Kwa nini apasue ukuta upya? Hilo ndilo wanaotetea kufukia hawalitazami. Wananiambia waya wa spika hauui. Ni kweli. Amplifaya ya wati 100 ikisukuma spika ya om 8 kwa nguvu zake zote inatoa volti 28 hivi, na mtu hafi kwa hizo. Lakini wanaongelea waya wa siku ya kwanza. Katika nyumba zetu waya haubaki na kazi moja, kama chumba kisivyobaki na kazi moja. Ncha mbili za shaba zikitokeza ukutani, siku moja atapita mtu anayehitaji taa, au chaja, au pasi.

Nazo rangi zinamsaidia kukosea. Nyekundu na nyeusi za waya wa spika maana yake ni chanya na hasi tu. Lakini katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Uingereza yenyewe ilianza kuhamia kahawia na bluu mwaka 2004, ila ndani ya kuta zetu nyekundu na nyeusi bado zimejaa. Mtu akibandua lipu akakuta rangi hizo mbili, hana njia ya kujua kama amekutana na muziki au na umeme wa Tanesco. Na testa, kama mlivyoona, inajibu kuhusu dakika ile tu.

Chukulia mtu ameunganisha soketi kwenye waya huo na kuchomeka birika la wati 2,000. Birika linavuta ampea 8.7. Waya laini wa shaba wa milimita za mraba 0.75 unakubalika kubeba ampea 6, wa 0.5 unaishia 3. Kikata umeme cha soketi kwa kawaida ni cha ampea 20 au 32, kwa hiyo hakina sababu ya kushuka. Kwake yeye kila kitu ni shwari. Waya unapata moto taratibu ndani ya lipu, ambako hakuna hewa ya kuupoza, na ganda lake ni plastiki ya bei rahisi ambayo hakuna aliyeipima. Sehemu kubwa ya waya mwembamba unaouzwa kama wa spika si shaba tupu; ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukikwangua kwa wembe unaona weupe. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba yenye unene uleule, na joto linaongezeka vivyo hivyo.

Hata kwa muziki wenyewe waya huo ni hasara, na hapa nawageukia wapenzi wa sauti ambao hawajali usalama lakini wanajali besi. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Spika ya om 8 inaruhusu om 0.4. Kutoka meza ya amplifaya hadi kona ya mbali ya banda la gari, ukipanda darini na kushuka, ni kama mita 15, yaani mita 30 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa 0.75 unafikisha karibu om 0.7. Wa 1.5 unafika 0.34, umepita. Wa 2.5 unafika 0.2, na huo ndio unaofaa kwa spika ya om 4. Basi. Hayo ndiyo maarifa yote. Wale wanaouziwa waya wa spika kwa bei ya pikipiki wakiambiwa una sauti "ya joto" wameibiwa kistaarabu, na huwa ndio haohao waliokataa kununua bomba.

Bomba tano za urefu wa mita tatu hazifiki bei ya galoni moja ya rangi nzuri. Kwa hiyo hoja ya gharama naiweka pembeni. Hoja ya pili ni kwamba nyumba imeshaisha, hakuna wa kuivunja tena. Vizuri, usiivunje. Kuna mifereji ya plastiki yenye kifuniko inayobandikwa juu ya ukuta, unaipaka rangi ya ukuta, unaifungua kwa kucha siku ukitaka kubadilisha waya. Wenye maduka wanaitumia, maofisi yanaitumia. Majumbani tunaiona aibu. Sijui aibu hiyo tumeitoa wapi, maana nyumba hizohizo zina tangi la maji juu ya mnara wa chuma mbele ya sebule, na hakuna anayelionea haya.

Hoja ya tatu ni ya vijana wenzangu: waya umepitwa na wakati, siku hizi ni Bluetooth. Spika isiyo na waya wa sauti bado inataka waya wa umeme, au betri ya kuchajiwa kila siku kutoka kwenye soketi. Umeondoa waya wa volti 28 ukaongeza wa volti 230 kwenye kona nne. Hongera.

Mtu aliyezunguka Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu amekuta ukuta wa aina ya tatu: mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi. Kwenye nyumba za zamani ukuta huo una zidaka, vijishimo vilivyopangwa kwa safu vya kuwekea vyombo. Hakuna aliyekuja na grenda kuvitoboa baadaye. Aliyejenga alijua kuna kitu kitakaa hapo akakiachia nafasi, bila kujua kitakuwa bakuli au kitabu. Leo nyaya za umeme katika mitaa ile zimetambaa nje ya kuta, zinaudhi macho ya wapiga picha, na mimi nazitazama kwa raha kwa sababu naona kila moja inapotoka na inapokwenda. Sisemi tujenge kwa matumbawe. Nasema kumwachia nafasi mtu na kitu usichokijua bado si wazo geni kwa mafundi wa pwani hii.

Ninachotaka ni kidogo na kinajulikana. Bomba kabla ya lipu, wima au mlalo. Bomba la spika lisichangie njia na la umeme, na kisanduku cha mwisho kiandikwe kwa kalamu isiyofutika: SPIKA. Shaba ya 1.5 au zaidi. Kabla lipu haijapigwa, simu itolewe mfukoni, kila ukuta upigwe picha futi ya fundi ikiwa imekunjuliwa pembeni ili vipimo visomeke, na picha hizo zikae na mkataba wa nyumba, si kwenye simu ya fundi. Mwenye nyumba anayenidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaweza kunipa na picha nane za kuta ninazolala kati yake. Tunasaini karatasi zinazokataza kugonga misumari. Hakuna hata moja inayosema kwa nini, wala wapi.

Na kama huna fedha ya spika mwaka huu, funga bomba hata hivyo, pitisha ndani yake kamba ya nailoni, ziba ncha zote mbili kwa kifuniko. Fundi atakuuliza bomba tupu ni la nini. Mwambie hujui bado.